Leseni za kuwinda zichezeshwe kura, na anayekosa ahesabiwe

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na ikiwa ndefu naomba usiikate sana maana hili jambo nimekaa nalo moyoni tangu mwezi wa saba, nikimsimulia mtu hapa sokoni naishia kuambiwa mama we hayo ya wanyama waachie wenyewe. Wenyewe ndo sisi, na nitaeleza kwanini.

Mjomba wangu yuko kijijini upande wa Handeni. Ana bunduki ya halali, karatasi zake zote zimenyooka, na miaka mitatu mfululizo ameomba leseni ya uwindaji wa wenyeji, anataka pongo mmoja tu wa kula yeye na watu wake. Hajaomba nyati wala pofu, kaomba pongo mmoja. Miaka yote mitatu jibu ni lile lile, kota imeisha, yaani idadi ya wanyama walioruhusiwa kuwindwa. Ofisi siitaji, sina ugomvi na mtu, ila mjomba ana maswali mepesi na mpaka leo hajajibiwa: walikuwa pongo wangapi, tumeomba watu wangapi, wamepata akina nani? Mwaka jana alikuja kulala kwa jamaa mjini ili awahi, akafika dirisha halijafunguliwa, akakaa kwenye benchi peke yake, na lilipofunguliwa akaambiwa imeisha. Sasa imeisha saa ngapi na yeye ndo wa kwanza kwenye benchi?

Nikamsimulia shemeji yangu, mume wa dada, wako Denver huko Marekani miaka mingi sasa, anaendesha malori. Nilijua atanipa pole yaishe. Kumbe na yeye mwaka huu kakosa, anaomba kulungu kule jimbo la Colorado na hakupata, afu hana kinyongo hata kidogo. Nikamuuliza shemeji umekosa na umetulia hivo? Akanitumia picha ya skrini ya simu yake na meseji ya sauti ndefu mpaka ikabidi niisikilize kwa awamu mbili, na tangu siku ile kila nikipata bando nasoma mambo ya kura za kulungu.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Tunamwita kulungu kwa kuwa ndo jina tulilo nalo, ila wa kwao si ndugu wa pongo wala swala wetu, dume lake linaota pembe na kuzidondosha kila mwaka na kuota upya, wakati wetu pembe ikivunjika ndo basi tena. Wale anaowaomba shemeji wana masikio makubwa kama ya punda.

Tangu 1999 leseni zote za kulungu Colorado zina idadi maalum, hakuna ya kwenda kununua tu dukani kama zamani. Wakati wa baridi, theluji ikishafunika ardhi na mnyama anaonekana vizuri, wataalamu wa jimbo wanapanda helikopta wanahesabu, madume wangapi, majike wangapi, watoto wangapi. Afu inakaa tume, kikao cha wazi mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusema, inapitisha idadi ya leseni kwa kila eneo, tena inachambua kabisa, hizi za dume hizi za jike, hizi za upinde hizi za gobore hizi za raifo, za tarehe fulani hadi fulani. Maombi yanafungwa mwanzoni mwa mwezi wa nne na majibu yanatoka mwezi wa tano kuelekea wa sita, kwenye simu yako.

Na sasa ndo nifike pale paliponishika. Ukiomba chaguo lako la kwanza ukakosa, unapewa pointi moja. Mwakani unaomba tena ukiwa na pointi yako, na leseni zinaanza kugawiwa kwa wenye pointi nyingi kwanza, zikibaki zinashuka kwa wanaofuata, na wale walio sawa pointi ndo wanachezeshewa bahati nasibu. Ukipata chaguo la kwanza pointi zinarudi sifuri unaanza upya. Ukipata chaguo la pili, yaani eneo lisilogombaniwa sana, unaenda kuwinda na pointi zako hazikatwi. Akina mama wenzangu mtanielewa haraka, ni kama upatu. Aliyeshika namba ya mwisho hafurahi, ila anajua kijumbe kaandika jina lake kwenye daftari na kila akisubiri zamu inasogea.

Picha aliyonitumia shemeji ilikuwa na maandishi machache tu, namba ya eneo aliloomba, neno kwamba hakufanikiwa, na chini yake pointi 4. Mwaka juzi zilikuwa 2, mwaka jana 3. Na akishajua hizo zake anafungua orodha ya jimbo zima inayotolewa kila mwaka, inaonyesha kwenye eneo lile wenye pointi 6 waliomba wangapi wakapata wangapi, wenye 5 wangapi, wenye 4 wangapi. Akaniambia shemeji mi nimekosa, lakini najua nimekosa nikiwa nyuma ya watu wangapi.

Hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo. Mjomba wangu angeambiwa hivyo angerudi kijijini kwa amani.

Ubaya upo pia na shemeji hakunificha. Kwenye maeneo yenye madume makubwa wanaogombania ni wengi mno kuliko leseni, kila mwaka wanatoka wachache kule juu na kiwango cha pointi kinapanda, unafika na pointi zako sita unakuta safari hii inatakiwa saba, mwakani ukiwa na saba inatakiwa nane. Wapo waliozeeka wakifukuza pointi, na kijana anayeanza leo kwa maeneo yale ni kama haoni mwisho. Ndo maana majimbo hayafanani. New Mexico hawana pointi kabisa, kila mwaka wote mnaingia sawa, ila sheria imeshagawa mafungu, asilimia 84 ni ya wakazi wa jimbo, 10 ni ya wanaokwenda na waongozaji wa uwindaji, 6 ya wageni wengine. Idaho nao kwa wakazi wao ni bahati tupu. Utah kwenye leseni zile adimu sana wanagawa nusu kwa nusu, nusu kwa wenye pointi nyingi, nusu inachezeshwa kwa wote. Nevada ndo nimewapenda zaidi, wanachukua pointi zako wanazizidisha zenyewe kwa zenyewe, ukiwa na 10 inakuwa 100, wanaongeza moja ya maombi ya mwaka huu, unapata namba 101 za bahati na kompyuta inachukua iliyo ndogo kuliko zote. Aliyeanza jana ana namba yake chache lakini anazo. Aliyesubiri miaka kumi ana rundo. Mi naona hapo mzee na kijana wote wametendewa haki.

Na wasomaji wa Tanga najua mtauliza kuhusu kuchinja, shemeji anasema yeye hutaja bismillahi kabla ya kufyatua na kisu kiko kiunoni, akimkuta ana uhai anamchinja. Mnyama akishaanguka kuna kipande cha karatasi cha leseni, unaweka tarehe na sahihi yako, kinakatwa na kufungwa kwenye mzoga wakati wa kusafirisha, na lazima uache alama ya kuonyesha ni dume au jike ili askari akikusimamisha njiani aone kama ndiye uliyepewa. Leseni moja, mnyama mmoja.

Msidhani wenzetu walizaliwa na utaratibu. Zamani walikuwa wanaua kwa ajili ya kuuza nyama na ngozi mijini, mpaka kufika 1900 kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki kama laki tano nchi nzima, ikabidi mwaka huo huo itungwe sheria ya kuzuia kusafirisha wanyama waliouliwa kinyume cha sheria kutoka jimbo hadi jimbo. Na upande wa pili wakajifunza kwamba kuzuia tu nako hakutoshi. Kule Arizona kwenye nyanda za Kaibab walilinda kulungu tangu 1906 na wakawa wanaua simba wa milimani na mbwamwitu, kulungu wakazaliana wakamaliza majani, na baridi ya 1924 wakafa kwa njaa kwa maelfu. Idadi ya kuvuna ikawa lazima ihesabiwe, na kitu cha kuhesabu kikiwa kidogo na wanaotaka ni wengi lazima kuwe na njia ya kugawa.

Sasa kwetu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, Rais amekabidhiwa kwa niaba ya wananchi. Wamarekani nao msingi wao ni huo huo, mnyama wa porini ni wa wananchi na serikali ya jimbo ni mdhamini tu. Kwa hiyo mjomba anapoomba pongo haombi msaada, anaomba sehemu ya mali ambayo na yeye ni mmoja wa wenye nayo, na anayegawa anawajibika kumwonyesha daftari. Vitalu vya uwindaji wa kitalii siku hizi vinanadiwa mtandaoni, kila mwenye hela anaona, hilo nalipongeza. Kama kompyuta inaweza kumnadia tajiri kitalu kizima inashindwaje kumchezeshea mwanakijiji kura ya pongo mmoja?

Naijua kura mbaya pia Mhariri, ndo maana sisemi tu wachezeshe kura basi. Miaka ya nyuma tuligawiwa vizimba kwa kura kwenye soko moja ambalo silitaji. Ndoo nyeupe ya plastiki, vikaratasi ndani, unaingiza mkono. Mi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na ndoo na niliona kwa macho yangu vikaratasi vingine vimekunjwa mara mbili na vingine vimesokotwa vyembamba kama sigara. Kuna waliokuwa wakiingiza mkono wanapapasa kwanza, wanatulia, ndo wanatoa, na walikuwa wanatoa vile vyembamba. Hakuna aliyetuambia mle ndani kuna vingapi vyenye namba na vingapi vitupu. Mi nilitoa cha kukunjwa, kitupu. Nililia siku ile, na sikulia kwa sababu ya kizimba, riziki anatoa Mungu, nililia kwa vile vilivyosokotwa. Na uchungu mwingine, kura iliyofuata tuliokosa mwanzo tuliingia sawa na waliokuja juzi, kama vile hatujawahi kuomba.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wahusika wa wanyamapori, na nasema kwa heshima zote, kabla msimu haujafunguliwa bandikeni idadi, kwenye mbao za matangazo za wilaya na kwenye mtandao, pongo wangapi, tohe wangapi, eneo gani. Pokeeni maombi mpaka tarehe fulani, wa asubuhi na wa jioni wawe sawa, maana mtu wa Kilindi ndani ndani huko hawezi kushindana kuwahi dirisha na aliyelala mtaa wa pili. Chezesheni kura mbele za watu. Toeni namba za waliopata, hata bila majina. Na aliyekosa aandikiwe pointi, kwa mtindo wa Nevada ikiwezekana ili vijana wasikate tamaa.

Najua wapo watakaosema nyamapori siku hizi inauzwa buchani, mwenye hamu akanunue. Bucha ni jambo jema, lakini ndo linanipa wasiwasi zaidi, kwa sababu nyama ikiwa na bei basi leseni nayo inakuwa na bei, na mwenye kuzikusanya nyingi atapatikana tu kama ugawaji wenyewe unafanyika gizani. Kule Marekani nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa, unakula na wako au unagawa.

Mjomba ana miaka sitini na tisa na macho bado yanaona. Karatasi zake tatu za maombi, kila moja na mhuri wake, amezitunza kwenye kopo la maziwa la bati juu ya kabati, nilizishika mwenyewe nilipoenda Idi. Colorado zingekuwa pointi tatu.

Mfanyabiashara wa sokoni,
Ngamiani, Tanga