Terrene haihusiani na kutisha, mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika humu kwamba lile neno la Kiingereza cha kizamani, terrene, yaani -a dunia, limetokana na terror, eti kwa sababu watu wa dini wa enzi hizo walikuwa wanayaogopa mambo ya dunia. Hapana bwana. Yanafanana sura tu, hizo r mbili ndo zimemchanganya. Terror asili yake ni kitenzi cha Kilatini terrere, kutisha. Terrene inatoka terrenus, -a ardhi, na hiyo imetoka terra, ardhi au nchi kavu, na wataalamu wa lugha wakiifukua zaidi wanakuta mzizi wa kale wenye maana ya kukauka, kwahiyo kwa asili yake terra ni pale pakavu, sio majini.

Ndo maana kuna Bahari ya Mediterania ambayo tuliimba darasani bila kuambiwa maana, ni medius, katikati, na hiyohiyo terra, bahari iliyo katikati ya nchi kavu.

Waingereza wanalo neno hili tangu karne ya 14, wakilitumia kwa kitu cha udongo au cha duniani kisicho cha mbinguni. Katika tamthilia yake ya Antony and Cleopatra, Shakespeare alimpa Antony, jemadari wa Kirumi, kulalamika kwamba "terrene moon" wao umepatwa, na wasomaji wengi wanaelewa kuwa mwezi huo wa duniani ni Cleopatra mwenyewe, malkia wa Misri. Sasa jamani, hapo mtu anamlilia mpenzi wake, kutisha kuko wapi? Leo wanasema zaidi earthly au terrestrial, terrene ukiisema London watakuangalia tu.

Lakini ukoo wake haujafa, hata hapa Dar upo. Nenda nyumba za zamani za Upanga au Kariakoo utazame sakafu ya terazo, vile vipande vya mawe vilivyomwagwa kwenye simenti halafu fundi akapitisha mashine ya kusugua huku maji meupe yanatiririka mpaka mlangoni. Terazo ni neno la Kitaliano, na ukilifuata linaishia palepale kwenye terra. Terasi nayo hivyohivyo, wale wa maghorofa ya Masaki wanaolipia terasi wanalipia udongo kwa Kilatini, hehe.

Naomba gazeti litoe masahihisho, maana kuna wanafunzi wanakata safu hizi na kubandika kwenye madaftari.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam