Simu ya makopo ni somo, isitupwe shimoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wa sayansi wa shule za msingi, hasa wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Mimi ni fundi bati hapa Uyole, Mbeya. Natengeneza vibatari, majiko ya mkaa na makarai, kwa hiyo makopo matupu hayakosekani kibandani kwangu, na watoto wa shule huja kuyaomba watengenezee simu: kopo huku, kopo kule, katikati uzi. Muhula uliopita walikuja wawili wamenuna. Mwalimu wao kawanyang'anya simu yao, kaitupa kwenye shimo la taka, akisema shule si mahali pa kuchezea makopo. Shule siitaji. Ila mmoja alinionyesha daftari lake, na somo la siku ileile limenakiliwa kutoka ubaoni kwa mwandiko mzuri: sauti husafiri katika yabisi, kimiminika na gesi. Yaani walichokiandika asubuhi ndicho kilichotupwa mchana. Jambo hilo limeniuma mpaka nimeshika kalamu.

Simu ile si mchezo mtupu. Mtoto akisema ndani ya kopo, pumzi yenye sauti inakitikisa kitako cha kopo kama ngozi ya ngoma. Kitako kinauvuta na kuuachia uzi, mtetemo unakimbia ndani ya uzi hadi upande wa pili, kitako cha kule nacho kinatikisika na hewa iliyo sikioni inatikisika nacho. Ukiongea hewani, sauti inatawanyika kila upande na kufifia. Kwenye uzi haina pa kutawanyikia, inafuata njia moja. Tena hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, wakati ndani ya chuma ni kama mita 5,000.

Watu wazima wenye akili zao wameishughulikia sana simu hii. Robert Hooke wa Uingereza, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1665, alieleza kwamba alipeleka sauti mbali kwa kutumia waya uliokazwa. Huko Peru, katika nchi ya Wachimú, watu wa kale wa huko, ilipatikana simu ya vibuyu viwili vilivyowambwa ngozi na kuunganishwa kwa uzi wa pamba, na inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Hata baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya simu ya umeme mwaka 1876, Marekani waliendelea kuuza simu za waya mtupu, zisizo na betri wala umeme, kwa sababu hataza yake haikuzihusu. Lemuel Mellett wa Massachusetts alitengeneza yake mwaka 1888, na ilidaiwa kufikisha sauti maili 3. Hataza za Bell zilipokwisha, kampuni za simu za umeme zikawa nyingi na hizi za waya zikakosa soko.

Sasa niseme ninayoyajua kwa mikono yangu. Kopo la maziwa ya unga ni zuri kwa sababu kitako chake ni chembamba. La rangi ni zito, sauti inatoka imeziba. Toboa katikati kabisa kwa msumari mwembamba, pitisha uzi, ufunge kwenye kipande cha njiti ya kiberiti kwa ndani usichomoke. Uzi wa sufu wa kufumia masweta haufai hata kidogo, ni laini mno, unaumeza mtetemo. Mshipi wa kuvulia samaki ni mzuri, waya mwembamba unaushinda. Na lazima ukazwe: ukilegea, kimya. Ukigusa tawi la mkaratusi au kona ya darasa, kimya. Mtoto akiubana kwa vidole wakati mwenzake anaongea, atausikia mtetemo ukimtekenya, na hapohapo wa upande wa pili atalalamika kwamba hasikii. Hapo mwalimu ana nini tena cha kueleza? Mwache mtoto aeleze mwenyewe. Kisha afunge kopo la tatu katikati ya uzi aone kama watatu wanaweza kusikilizana.

Tunasikia kila siku kwamba shule haina vifaa vya maabara. Ni kweli, na Serikali ivilete. Lakini kwa somo la sauti vifaa vipo, na watoto wamejiletea wenyewe. Ninachoomba ni mwalimu awape kipindi kimoja uwanjani, kutoka goli hadi goli, na akiwapa maksi kwa kazi hiyo nitafurahi zaidi.

Mwalimu anayetaka makopo na afike sokoni Uyole aulize fundi bati. Midomo ya makopo huwa na makali yanayokata vidole, hivyo nitaikunja mwenyewe kwanza. Sitatoza hela.

Msomaji wako,
Fundi bati, Uyole, Mbeya