Haki kabla ya hati

Mombasa

Sahibu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kuwa nyote mu wazima. Sisi pia hatujambo, ila joto la kaskazi limetuelemea. Naingia moja kwa moja katika lile ulilonipinga, kwamba haki za mtu ni zile anazopewa na serikali, na kwamba pasipo serikali hakuna haki ya kuzungumziwa.

Kisome tena kifungu cha 19 cha Katiba yetu ya mwaka 2010. Kinasema kuwa haki zilizomo katika sura ya nne ni za kila mtu, wala hazitolewi na Dola. Wazo hilo ni la zamani. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alishikilia kuwa binadamu ana haki ya uhai, uhuru na mali hata kabla hajapata mtawala, na kuwa watu hukubali kutawaliwa ili hayo yalindwe. Mtawala anayeyapora amevunja mapatano, na raia wanaweza kumwondoa. (Locke huyohuyo aliweka fedha zake katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuwezi kulifumbia macho.)

Ardhi ndiyo inayotuhusisha na maneno hayo. Mwaka 1908 utawala wa Kiingereza ulileta sheria ya hati za ardhi hapa pwani: kila mwenye madai ajitokeze athibitishe umiliki wake, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ya serikali. Wengi waliokuwa wakilima na kupanda minazi yao bila karatasi yoyote wakajikuta wageni katika mashamba yao, na hadi leo wajukuu wao wanaitwa maskwota. Kwa hoja ya Locke, anayeitia jasho lake ardhi isiyo na mwenyewe huwa na haki juu yake kabla karani hajafungua daftari, na kazi ya serikali ingekuwa kuiandika haki iliyokwishakuwapo. Waingereza walifanya kana kwamba haki huzaliwa daftarini. Hiyo, sahibu, ndiyo nadharia yako ilipotekelezwa.

Usinidhanie kuwa naitaka nchi isiyo na serikali. Mwanauchumi Mskoti Adam Smith, mwaka 1776, aliipa mtawala kazi tatu: kuilinda nchi, kusimamia haki baina ya watu, na kujenga vile vya umma ambavyo mtu binafsi hapati faida kuvijenga. Mwenye nyumba bila ardhi pale Majengo, anayemlipa mwingine kodi ya kiwanja, anaihitaji sana hiyo kazi ya pili.

Linalonitatiza ni hili. Kifungu cha 40 cha Katiba hakiilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Lakini ardhi yetu ilichukuliwa kwa sheria yenyewe. Kama haki zote hutoka serikalini, kama usemavyo, maskwota watamdai nani, na kwa hoja gani? Nijibu hilo kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mbarak