Vitambua moshi vya njia za hewa vijaribiwe hadi feni izimike

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wamiliki wa majengo, mameneja wao na wakaguzi wa usalama wa moto, kuhusu kifaa ambacho wengi wao wanacho lakini hawajawahi kukitia machoni. Nacho ni kitambua moshi kinachofungwa kwenye njia za hewa, yaani yale mabomba makubwa ya bati yanayopita juu ya dari, yakipeleka hewa ya kiyoyozi vyumbani na kuirudisha kwenye mashine. Kazi yangu ni kufunga na kukagua mifumo hii, na ninaloliandika ndilo ninalokutana nalo kazini: kifaa kipo, taa yake inawaka, cheti cha ukaguzi kimetundikwa ukutani, lakini feni ambayo kifaa hicho kiliwekwa ili kiizime haizimiki.

Katika jengo lenye kiyoyozi cha pamoja, feni moja huweza kuhudumia ghorofa kadhaa. Moto ukianza katika chumba kimoja, moshi huvutwa na bomba la kurudishia hewa hadi kwenye mashine, ukachanganyika na hewa nyingine, kisha ukasukumwa hadi kwenye vyumba ambavyo havina hata cheche. Tarehe 21 Novemba 1980 moto ulizuka katika mgahawa wa ghorofa ya chini ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Marekani, na watu 85 wakafariki dunia. Miali haikufika kwenye ghorofa za vyumba vya wageni, lakini wengi wa marehemu walikutwa huko juu, na kilichowaua ni moshi. Ulipanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa nafasi zilizoachwa kati ya sehemu za jengo, na ulisambazwa pia na mfumo wa hewa. Mtu aliyelala mbali kabisa na moto anaweza kuletewa moshi kitandani na mashine iliyonunuliwa ili imburudishe, na hilo ndilo linalonifanya nisikubali kifaa hiki kichukuliwe kama pambo la kutimizia masharti.

Kiwango cha NFPA 90A cha chama cha kujikinga na moto cha Marekani, ambacho wahandisi wengi hukitumia hata nje ya nchi hiyo, kinataka kitambua moshi kiwekwe kwenye bomba la kupeleka hewa iwapo mfumo unasukuma zaidi ya lita 944 kwa sekunde, na mahali pake ni baada ya vichujio na kabla ya tawi la kwanza. Sababu ni kwamba mashine yenyewe inaweza kuwa chanzo cha moto: mota hupata joto kupita kiasi, mkanda husuguana hadi ukatoa moshi, na vichujio vilivyojaa vumbi huweza kushika moto. Kwenye upande wa kurudisha hewa, sharti huanza pale mfumo unapozidi lita 7,080 kwa sekunde na kuhudumia zaidi ya ghorofa moja. Hapo kila ghorofa huwekewa kifaa chake kabla hewa yake haijaungana na ya ghorofa nyingine. Kila nchi ina kanuni zake na ni lazima zifuatwe, lakini mantiki hiyo haibadiliki.

Kwa kawaida kifaa hiki hakikai ndani ya bomba. Kasha lake hufungwa nje, ubavuni mwa bomba, na mirija miwili huingia ndani kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye bati. Mmoja ni mrija wa kuchotea hewa, mrefu kiasi cha kukata upana wote wa bomba, wenye safu ya vitundu vinavyotakiwa kuelekea kule hewa inakotoka. Wa pili ni mfupi, nao huirudisha hewa bombani ikishapita kwenye kasha. Pampu hakuna. Kinachoiingiza hewa kwenye kasha ni tofauti ya mgandamizo kati ya mirija hiyo miwili, inayozaliwa na mwendo wa hewa yenyewe ndani ya bomba, na kwa sababu hiyo kosa dogo la ufungaji linatosha kukifanya kifaa kizima kiwe bure, ingawa umeme unafika na taa ya kijani inapepesa kama kawaida.

Katika jengo moja nililoitwa kukagua, nilifungua kasha nikakuta chumba cha kutambulia moshi ni kisafi kabisa, hakina vumbi hata chembe, wakati vichujio vya mfumo huohuo vilikuwa vimegeuka vyeusi. Usafi ule ndio ulionitia shaka. Nilipochomoa mrija mrefu niliona vitundu vyake vimegeuziwa upande hewa inakoelekea badala ya upande inakotoka, na kizibo cha mwisho wa mrija hakikuwapo. Hewa ya bomba haikuwa ikipita kwenye kasha kama inavyopaswa, na kwa hali ile moshi nao usingepita. Hata hivyo, karatasi zilizohifadhiwa karibu na paneli ya tahadhari ya moto zilionyesha kwamba kifaa kimekuwa kikifaulu katika kila ukaguzi, kwa sababu waliokijaribu walitumia sumaku peke yake.

Naomba niliweke wazi jambo hili la sumaku, maana linawapoteza wengi. Vifaa vingi vina sehemu maalumu kwenye kasha ambapo fundi akigusisha sumaku, kifaa hutoa ishara ya tahadhari. Jaribio hilo lina faida yake, kwani huonyesha kwamba saketi ni nzima na kwamba ishara inafika kwenye paneli. Haliwezi kuonyesha kwamba hewa inaingia kwenye kasha, wala kwamba moshi ukija utatambuliwa. Hewa hupimwa kwa manometa, yaani kipima mgandamizo, feni ikiwa inafanya kazi, ili kujua tofauti ya mgandamizo kati ya mirija miwili. Kwa vifaa vingi tofauti inayokubalika huanzia takriban paskali 2.5 na kufika takriban paskali 300, ingawa neno la mwisho ni la kijitabu cha mtengenezaji wa kifaa husika. Kipimo hicho huchukua dakika chache tu. Kisha moshi wa majaribio unaotolewa kwenye kopo la kupulizia, wa aina aliyoiidhinisha mtengenezaji, huingizwa kwenye kifaa ili kuona kama kinautambua.

Kipimo cha mgandamizo hakitoshi kufanywa mara moja siku ya kukabidhi jengo. Vichujio vikiziba, mwendo wa hewa hupungua. Mashine ikibadilishiwa mota, au ikiwekewa kifaa cha kupunguza kasi ya feni ili kuokoa umeme, mgandamizo uliopimwa awali haupo tena. Na mfumo unaopunguza hewa usiku unaweza kuwa sawa mchana, lakini usiku mgandamizo ukashuka chini ya kiwango ambacho kifaa kinakihitaji. Mimi hupima nikiwa nimeishusha feni hadi kasi yake ya chini kabisa, na namshauri kila fundi afanye hivyo.

Kuhusu mahali pa kufunga, wabunifu wengi huchora kifaa palipo na nafasi kwenye mchoro, na mafundi hukifunga palipo na nafasi darini. Hewa iliyotoka kwenye kona au kwenye tawi huzunguka ovyo, na moshi unaweza kupita upande mmoja wa bomba bila kuugusa mrija. Watengenezaji wengi hushauri umbali wa kati ya mara 6 na 10 ya upana wa bomba kutoka kwenye kona au mwingilio wa hewa. Pale ambapo umbali huo haupatikani, fundi achague sehemu iliyonyooka zaidi na athibitishe kwa kipimo kwamba inafaa. Mrija unaozidi takriban sentimita 90 ushikiliwe upande wa pili wa bomba usitikisike, na kasha lisifungwe mara tu baada ya koili ya kupoozea au kifaa cha kuongeza unyevu, kwa sababu matone ya maji yatakifanya kilie bila moshi. Wakati ujenzi unaendelea, kifaa kisubiri hadi vumbi la simenti na jasi lisafishwe.

Vumbi na unyevu vinaleta madhara makubwa kuliko usumbufu wa kengele. Kifaa kinacholia ovyo huzima kiyoyozi katikati ya kazi, watu hulalamika, meneja humpigia fundi simu kwa hasira, na fundi aliyechoka huunganisha waya mbili pamoja ili feni isisimame tena. Nimezikuta nyaya za namna hiyo mara nyingi mno, nyingine zimefungwa utepe vizuri kabisa kana kwamba ndivyo zilivyotakiwa kuwa. Anayefanya hivyo huwa anakusudia kurudi kesho yake kusafisha kifaa, na kesho hiyo haiji. Kifaa kinacholia bila sababu kisafishwe, kihamishwe au kibadilishwe siku hiyohiyo, na kama kuna ulazima wa kukitenga kwa muda, liandikwe kwenye daftari la jengo jina la aliyekitenga na saa kitakaporudishwa.

Kuna kosa jingine la nyaya ambalo halitokani na hila ya mtu yeyote, na kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi kwa sababu hupita mbele ya macho ya wakaguzi wazuri. Paneli nyingi za feni zina swichi ya nafasi tatu: kuendesha kwa mkono, kuzima, na kujiendesha. Kitambua moshi mara nyingi huunganishwa kwenye mkondo wa kujiendesha peke yake. Ukijaribu swichi ikiwa hapo, feni huzimika vizuri na kila mtu huridhika. Siku mfumo wa udhibiti ukisumbua, mtunza mitambo huigeuza swichi kwenye nafasi ya mkono ili watu wapate hewa, na kuanzia dakika ile kitambua moshi hakina tena uwezo wa kuisimamisha feni. Inaweza kukaa hivyo miezi. Hali ni hiyohiyo kwa kidhibiti cha kasi chenye njia ya pembeni, inayoipa feni umeme bila kupitia kidhibiti hicho: feni ikihamishiwa kwenye njia hiyo, amri ya kuzima inaweza isifike kabisa. Waya wa kuzima unapaswa kupitia mahali ambapo utaikata feni katika kila nafasi ya swichi, na mkaguzi hana njia nyingine ya kulijua hilo zaidi ya kuigeuza swichi na kurudia jaribio. Dampa za moshi, yaani vile vilango vya ndani ya bomba vinavyofunga ili moshi usipite, nazo zitazamwe kwa macho zikifunga. Taa ya paneli inayosema zimefunga haitoshi.

Nisieleweke kwamba kifaa hiki kinaweza kuchukua nafasi ya vitambua moshi vya vyumbani. Hewa ya chumba chenye moshi ikichanganyika bombani na hewa ya vyumba vingine visivyo na moshi, moshi huwa mwepesi mno, na moto unaweza kukua sana kabla kiasi cha kutosha hakijafika kwenye mrija. Feni ikiwa imezimwa, kifaa hakipati hewa ya kupima. Kazi yake ni kuzuia mfumo wa hewa usisambaze moshi, na kuna majengo yenye feni maalumu za kuondoa moshi ambazo hazitakiwi kuzimwa kiholela, bali hufuata mpango wake uliobuniwa na mhandisi. Mwenye jengo la namna hiyo asikubali fundi abadilishe waya hata mmoja bila kuuona mpango huo.

Hakuna kinachowezekana katika haya yote ikiwa kifaa hakifikiki. Nimeshaona kasha lililofunikwa na dari ya jasi isiyo na mlango, na jingine ambalo bomba la maji lilipitishwa mbele yake hadi kifuniko kikawa hakifunguki. Wanaochora majengo waweke mlango wa ukaguzi chini ya kila kifaa na wauonyeshe kwenye michoro. Kifaa kilichofichwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 3 kutoka sakafuni kiwe na taa ya ishara mahali panapoonekana, yenye maandishi yanayotaja mashine inayohusika, ili askari wa zimamoto wanapofika wasianze kufunua dari moja baada ya nyingine wakitafuta ni kipi kimelia.

Ombi langu kwa wakaguzi na kwa kampuni za bima ni kwamba wasiipokee tena ripoti ya mwaka yenye alama ya tiki peke yake mbele ya neno kitambua moshi. Waidai iandikwe paskali zilizopimwa na kasi ya feni wakati wa kupima, tarehe ambayo mirija ilichomolewa na kusafishwa, na sekunde zilizopita tangu kifaa kilipoutambua moshi hadi feni iliposimama, swichi ikiwa kwenye nafasi ya kujiendesha na tena ikiwa kwenye nafasi ya mkono. Fundi aliyefanya kazi yake atazijaza nafasi hizo pale pale kwenye ngazi, na asiyeweza kuzijaza arudishwe juu ya dari kabla hajalipwa.

Wako,
Fundi wa mifumo ya hewa na tahadhari ya moto