Matangi ya shule yaoshwe kabla ya Januari

Mhariri,

Vuli inaisha, kaskazi ndiyo hiyo inaingia, na shule za huku Pwani zitafunguliwa Januari jua likiwa kali kwelikweli. Kamati nyingi za shule hujiandaa kwa kufyeka majani na kupaka rangi madarasa. Naomba walikumbuke tangi la maji, maana ndiko watoto watakakokimbilia kengele ya mapumziko ikilia.

Tangi la maji ya mvua lililoachwa likizo nzima huwa na utelezi kwenye kuta za ndani, na chini kuna tope la vumbi la bati, majani na kinyesi cha ndege. Kutia klorini juu ya uchafu huo ni kuipoteza bure: nguvu yake huishia kwenye tope. Na tope halitoki kwa kufungua bomba tu, kwa sababu bomba hufungwa juu kidogo ya kitako. Lichotwe kwa kopo mpaka liishe, kisha tangi lisuguliwe kwa brashi na sabuni na kusuuzwa. Anayeingia ndani awe na mwenzake nje anayemwangalia.

Baada ya hapo lijazwe maji robo, itiwe klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 50 hadi 70, gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi. La lita 5,000 ni gramu 400. Ndipo lijazwe mpaka juu, lifunikwe, likae saa 24. Anayepima avae glavu na barakoa, na asichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Wengi hukosea hapa: shule inafunguliwa Jumatatu, kazi inaanza Jumapili jioni. Maji ya dawa hayanywewi. Humwagwa yote, mbali na bustani na kijito, ndipo tangi lijazwe upya. Muda ukibana, klorini huwekwa maradufu na maji hukaa saa 8. Chini ya hapo ni kuwahatarisha watoto.

Tafadhali, mfuniko nao usisahauliwe. Mbu wa homa ya dengue hutaga kwenye kuta zenye unyevu, juu kidogo ya maji yaliyotulia, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Mfuniko ubane vizuri, na bomba la kutolea maji yanayozidi lifungwe wavu wa mbu. Kipande cha kiganja kinatosha, pamoja na waya wa kukikaza.

Mdau wa afya shuleni,
Tanga