Vijana wafunguliwe imeili zao mikononi mwao, sio kwenye daftari la steshenari

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa rohoni na huku kwetu Kigoma naona linazidi tu.

Vijana wetu wengi hawafungui imeili wenyewe. Zikitangazwa ajira utawakuta wamejaa steshenari pale Mwanga, foleni mpaka barazani, kila mtu na bahasha yake ya vyeti, "kaka nifungulie imeili halafu niombee na kazi kabisa". Mhudumu naye ana haraka, namba ya simu ya kurudishia akaunti anaweka ya kwake, paswedi anaweka jina la kijana na 123 mwishoni, kisha anaiandika kwenye daftari la kaunta ambalo kila anayekuja kutoa kopi analiona. Simlaumu sana, anasaidia watu, lakini hapo imeili mwenye nayo sio kijana tena, na ndani yake kuna sivii, namba ya NIDA, vyeti, na simu za wadhamini wote watatu.

Baadaye zinaanza kumiminika imeili za "hongera umechaguliwa". Kazi iko kambi ya wakimbizi Nyarugusu au Nduta, mshahara wa dola, nembo ya Umoja wa Mataifa imekaa juu vizuri kabisa, ila utume kwanza hela ya vipimo vya afya. Matapeli wanajua pa kugonga, Kasulu na Kibondo nani asiyemjua mtu aliyewahi kupata kazi kambini? Kuna mama jirani yangu ameuza mahindi ya chakula akamtumia binti yake hiyo hela. Binti aliponionyesha simu, jina lilisomeka UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nikamwambia ligonge hilo jina, anwani yenyewe ikatokea inaishia na gmail.com. Alinyamaza tu. UNHCR wenyewe wanasema hawatozi hela hatua yoyote ya kuajiri, iwe maombi, usaili au mafunzo, na kazi za serikali kuomba kwenye Ajira Portal ni bure.

Kwa hiyo wadogo zangu mliofunguliwa, ingieni leo kwenye akaunti zenu sehemu ya usalama, toeni namba ya mhudumu wekeni yenu, badilisheni paswedi, angalieni simu na kompyuta zilizobaki zimeingia humo mziondoe, halafu washeni uthibitisho wa hatua mbili ili mtu hata akiijua paswedi akwame kwenye kodi, yaani zile namba za siri zinazokuja kwenye simu yako. Na ile kodi ikija usimtajie mtu, hata akijiita nani.

Hizi imeili za matangazo nazo zinachosha, nyingine za mikopo, nyingine za kubeti. Kama ni kampuni uliyojiunga nayo mwenyewe, jiondoe kwa ile linki ya chini kabisa. Lakini kama humjui aliyetuma usiguse linki wala usimjibu hata kumtukana, maana ukijibu ameshajua anwani ina mtu na atazidisha, wewe iripoti kuwa ni taka basi. Mambo ya kubeti na magrupu ya ofa fungulia imeili ya pili, ile ya kazi iache ya kazi. Wakija kwa meseji za "ile hela tuma namba hii", ripoti 15040, na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, wengine watashtuka.

Wenye steshenari nao nawaomba, tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, na yale madaftari yamebeba taarifa za watu. Kijana akija mpe simu yake aandike paswedi mwenyewe, akishindwa mwelekeze, itachukua dakika chache zaidi, foleni itasubiri. Na halmashauri wanapobandika matangazo ya ajira kwenye ubao waongeze mstari mmoja wa maandishi makubwa, kwamba hakuna kazi inayolipiwa.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma