Safari ya Linville: naomba jibu kabla ya Jumatano

Habari za jioni ndugu zangu,

Safari ya michezo ya Waskoti, kwenye mlima wa Grandfather Mountain kule Linville, ni Jumamosi hii. Tunaondoka Charlotte saa 12 kamili asubuhi, pale pale pa siku zote.

1. Mchango ni dola 25 kwa mtu mzima, watoto bure. Ni wa gari na chakula. Tiketi kila mtu anunue yake.
2. Makoti ya mvua, tafadhali. Kule ni mlimani.
3. Wenye wenza wa asili ya Kiskoti, njooni na majina ya babu na bibi zao na kijiji walikotoka, kama mnakijua. Koo nyingi zina mahema yao uwanjani, na wenyeji hufurahi kusaidia kufuatilia nasaba. Jina lisiloanza na Mac lisiwakatishe tamaa: familia nyingi ndogo huhesabiwa chini ya ukoo mkubwa. Watoto wetu wana haki ya kuujua upande huo pia, kama wanavyoujua wa kwetu.

Waelezeni watoto habari za Flora MacDonald, Mskoti aliyemsaidia mwanamfalme Charles Stuart kuwatoroka wanajeshi wa serikali ya Uingereza mwaka 1746, baada ya kushindwa vitani, kisha akahamia North Carolina hii hii mwaka 1774.

Andika jina na idadi ya watu wako hapa kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Asiyeweza kuja naye aseme, tujue ukubwa wa gari. Asanteni sana.